Fimbo ya Mzee Bartholomayo Ilivyofuatwa Ngara Mjini

Kusanyikeni, enyi mliokaa vibarazani na enyi mlio jikoni mkikwangua masufuria. Iacheni redio ijisemee peke yake, sogezeni viti, na aliye na kikohozi akikohoe sasa akimalize, kwa kuwa habari inayokuja si ya kusikilizwa nusu. Si habari ya watawala waliogombania ngoma ya enzi, wala ya majeshi yaliyovuka mto Ruvuvu kwa mikuki na mishale. Hii ni kubwa kuliko hizo. Ni habari ya Domisiana, mjane wa Ngara mjini, mama wa Gidioni, binti wa wachunga ng'ombe wa Rulenge, Msoma-Ardhi, Mwenye Macho Yasiyoinuka, jinsi alivyomfuata mkwe wake katikati ya mji uliofurika watu, asimwite, asimwulizie, akiongozwa na tope tupu, ili apate kumpokea fimbo mkononi. Naam, fimbo. Anayetaka kucheka na acheke sasa, maana huko mbele atatamani angekuwapo.

Nawe udongo mwekundu wa Ngara, unaokaa katika mikunjo ya suruali hata baada ya sabuni, unaopaka kuta hadi magotini na mbuzi hadi masikioni, wewe usiyemsahau aliyekukanyaga mpaka mvua ikuamuru, simama ushuhudie. Bila wewe pasingekuwa na la kusimulia.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, mji mdogo wa Ngara ulipoamka asubuhi ukajikuta njia panda ya dunia. Watu walikuwa wameingia kwa miguu kutoka ng'ambo ya mipaka, wamebeba magodoro, watoto na vyungu. Nyuma yao yakaja malori, na nyuma ya malori magari meupe yenye milingoti ya redio, na nyuma ya magari meupe wakaja wafanyabiashara wa kila kitu kinachoweza kutandazwa juu ya turubai. Vichochoro ambavyo zamani vilijua miguu ya majirani tu, sasa vilikanyagwa tangu alfajiri na watu wasiojuana, alama juu ya alama, hata kuku wakapotea njia za kurudi nyumbani. Kumtafuta mtu katika mji ule kulikuwa kazi ya kumaliza viatu.

Sasa fahamuni neno lililokuwa hatarini. Gidioni, seremala, mwana wa pekee wa Domisiana, alikuwa amempenda Nice wa Rulenge, naye Nice akampenda, na posa ilikwisha kupelekwa. Jibu la posa, kwa desturi ya koo zile mbili, haliandikwi wala halitumwi kwa mtoto. Hubebwa na msemaji wa upande wa binti, na msemaji hubeba fimbo. Akifika, mzazi wa kijana humpokea fimbo ile, na ikishapokewa ndipo kinywa chake hufunguka. Asipopokewa, jibu hubaki tumboni mwake, liwe tamu au chungu. Msemaji haruhusiwi kuuliza wenyeji wako wapi, wala kurudi kwa njia aliyojia. Atakwenda mbele tu, na akishapanda gari na kutoka mjini, jibu hulala mpaka mtama uvunwe. Na wenyeji nao wamefungwa vilevile. Mkwe haitwi kwa sauti barabarani, wala haulizwi kwa wapita njia kama mbuzi aliyekata kamba. Ukimtaka, umwone kwa macho yako na umwendee kwa miguu yako.

Na kati ya siku ile na mavuno ya mtama alikuwapo Gozbert. Huyu alikuwa dereva wa lori kubwa la mahindi ya msaada, mwenye buti zinazong'aa na kofia aliyoivaa hata ndani ya nyumba, naye alikuwa amekwisha kumpelekea baba yake Nice blanketi, tochi na maneno mengi. Miezi ni mirefu, na blanketi ni blanketi. Domisiana aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

Basi siku ya jibu ikafika. Domisiana, kwa wingi wa heshima, akatoa amri ambayo hakuna mtu mwingine duniani angeitoa: nyumba nzima, mashangazi, binamu, majirani na wapiga vigelegele, waende hadi barabara kuu kumpokea msemaji, Mzee Bartholomayo, kaka mkubwa wa baba yake Nice, pale yanaposhushia magari ya Rulenge, asije akapiga hata hatua moja bila kuimbiwa. Mlangoni aliachwa Melania peke yake, wifi yake Domisiana, alinde. Melania akalinda. Lakini aliposikia sauti za mazoezi zikipanda kutoka barabarani, na kiongozi wa wimbo akikosea pale anapokosea siku zote, roho yake haikustahimili. Akafunga mlango, akashuka kwenda kuwasahihisha.

Wakaimba mpaka koo zikakauka. Gari la Rulenge likaja, likashusha mwalimu mmoja na magunia. Lingine halikuja asubuhi ile. Manyunyu ya asubuhi yalikuwa yamekoma zamani na jua limekwisha kutoka, ndipo wakarudi nyumbani wakiburuta ngoma.

Domisiana, aliyetangulia, akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe kama aliyezuiwa kwa mkono. Chini pale, katika udongo laini, palikuwa na nyayo za viatu vya matairi, makatambuga: cha kushoto kilichongwa katika tairi la lori, chenye meno makubwa ya mshazari, na cha kulia katika tairi la gari dogo, chenye mistari myembamba iliyonyooka. Kando yake, kila hatua ya pili, palikuwa na duara dogo, mfano wa alama inayoachwa mezani na kikombe cha kahawa.

Yapasa msikie alivyozijua. Siku ile walipopeleka posa Rulenge, Domisiana alikaa mbele ya Mzee Bartholomayo kuanzia asubuhi mpaka jua linageuka, na kwa adabu hakuinua macho hata mara moja. Uso wa mzee yule hakuuona. Angempita sokoni asingemtambua. Lakini miguu yake aliisoma yote, na viatu vyake visivyofanana, na pete ya chuma iliyofungwa chini ya fimbo yake. Maana ndivyo vilivyokuwa mbele ya macho yake, na yeye tangu utotoni, akitafuta ndama waliopotea katika vilima vya Rulenge, hakuwahi kutazama chini bure.

Akainama. Nyayo zilikuwa na kingo kali, bila vitone vya manyunyu ndani yake, hivyo zilipigwa baada ya mvua, wao wakiwa barabarani. Zilitokea nyuma, katika njia ya migombani. Bila shaka mzee alipata lifti ya gari lililopita upande wa bonde. Alisimama. Alikaa kizingitini, kwa kuwa palikuwa na ugoro uliomwagika katikati ya alama mbili za visigino. Kisha aliinuka, akashika njia ya mbele kuelekea mjini, na duara la fimbo lilikwenda pamoja naye.

Gidioni akaketi juu ya gogo akashika kichwa. Alisema kwamba yamekwisha, kwamba mtama hata haujapandwa, na kwamba Gozbert wakati huu pengine anafungua blanketi la pili. Melania akalia, akaapa kwamba hataimba tena maisha yake yote, kiapo ambacho hakikudumu hata siku moja.

Hapo Domisiana akajifunga kanga kiunoni, akasimama wima mbele ya jeshi lake lililovunjika moyo, akanena.

"Inueni vichwa vyenu, enyi watu wa nyumba hii, mlioimba vizuri mahali pasipotakiwa. Kosa ni langu, kwa kuwa ni mimi niliyewatoa mlangoni. Mkwe wetu hajatoka mjini bado. Nyayo zake hazijakauka. Ninyi rudini jikoni, muwashe moto, na ndizi ziive mtu asizionje. Mimi nitashika ardhi hii nitaifuata mpaka inionyeshe fimbo, na nisiporudi nayo, Gidioni, mwanangu, nitakuomba radhi mbele ya watu wote hawa."

Gidioni alikwenda akamletea viatu vyake, akaviweka miguuni pake. Mama akavaa haraka.

Wakati huohuo akatokea Raya mwenye Mwavuli, jirani, muuza vitenge, mjukuu wa watu waliokuja kutoka pwani na majora ya kitambaa cha marekani wakati Ngara ina nyumba za kuhesabika, mwanamke ambaye sauti yake huvuka mtaa bila kuchoka. Akasikia shauri lote kwa muda wa kufungua mwavuli.

"Mama Gidioni, shoga yangu," akasema, "mimi desturi yenu haikunifunga. Baba zangu walikuwa na desturi zao, na hakuna hata moja inayonikataza kuuliza. Nipe ruhusa, nisimame pale sokoni niulize mara moja tu, na kabla hujamaliza kufunga hiyo kanga mzee wako ataletwa."

"Ukiuliza ukiwa ubavuni mwangu nimeuliza mimi," Domisiana akajibu, "na kesho Rulenge nzima itasema kwamba tulimtangaza mkwe kama sufuria iliyoibwa. Njoo, lakini ufunge mdomo."

Raya alisema kwamba hilo la mwisho ni gumu kuliko vita, lakini kwa ajili ya Gidioni, aliyemtengenezea kabati bila kulipinda, atajaribu. Wakatoka.

Mtaa wa kwanza haukuwa na upinzani. Njia ilipita kati ya migomba, kivulini, na nyayo zilikaa zimejipanga: meno, mistari, duara, meno, mistari, duara. Palipochanganyika na miguu ya watoto wa shule, Domisiana aliacha katikati ya njia akatazama kingo, kwa kuwa mzee mwenye fimbo hupenda ukingo, mahali pa kuegemea. Na kweli, ukingoni duara lilikuwapo, limekaa peke yake, likimngoja.

Walipofika kwenye mashine ya kusaga, shujaa alikuta ngome nyeupe. Unga ulikuwa umetanda chini mbele ya mlango, na wanawake wenye ndoo na mifuko wamejaa tele, wengine wa mjini, wengine wa makambini, wakisogezana kwa viwiko. Asingeweza kuwaambia wapishe bila kueleza anamtafuta nani. Akachuchumaa palepale, akatazama kati ya miguu yao. Wanawake wakatazamana. Mmoja akamuuliza Raya kwa upole kama ndugu yake anaumwa, na Raya, aliyefungwa mdomo, akafumba macho akaonyesha mbingu. Yule mama akatoa pole akasogea, na wenzake wakasogea naye. Chini ya miguu yao palikuwa na alama ya kiatu cha kushoto, kila jino la tairi limechorwa kwa unga, na mbele yake hatua nyeupe zikishuka kuelekea barabara kuu.

Lakini barabara kuu ilikuwa bahari ya vita. Msafara wa malori ulikuwa ukipita, lori baada ya lori, na kila moja likifuta lililoandikwa na mwenzake. Domisiana akasimama ukingoni akaona hatua za unga zikiingia barabarani, moja, mbili, kisha ya tatu ikimezwa na gurudumu lenye upana wa mlango. La mwisho lilipopita, ndani yake ameketi Gozbert mwenyewe, na kofia kichwani. Akampungia mkono mama wa mpinzani wake kwa adabu kamili. Domisiana akapunga vilevile, maana adabu haina likizo, ila moyoni alilitakia lile gurudumu msumari.

Barabara sasa ilikuwa tupu, imelainika, haina neno. Raya akafungua kinywa, akakumbuka, akakifunga.

Domisiana hakutafuta barabarani. Alijua kwamba ndama akivuka mto hatafutwi majini, hutafutwa ng'ambo, pale alipotoka. Akavuka, akashika ukingo wa pili, akaufuata taratibu, mgongo umepinda, kuelekea chini, kisha akageuka kuelekea juu. Jua likamchoma kisogo mpaka Raya akamsogezea mwavuli. Na mbele ya ukuta mrefu uliopakwa chokaa akaziona alama zake za ushindi: duara, na duara, na duara, mengi, mapya, yamepangana kuingia katika uwanja.

Hapo shujaa akajisahau. Akasahau kutafuta meno, akasahau kutafuta mistari. Akayafuata maduara yale kwa mwendo wa haraka, kifua mbele, akavuka lango, akapita chini ya dirisha, akapinda kona, akiwa amekwisha kutayarisha maneno ya salamu na magoti ya kuyasindikiza. Yakaishia ukutani. Mbele yake, kwa utulivu mkubwa, yalikaa mabirika ya kutawadhia ya msikiti, yametoka kujazwa maji na mtu aliyeyatua chini kila hatua chache, kila moja limeketi juu ya duara lake.

Raya alijitahidi. Ilibidi ashike ukuta.

"Shoga," akasema mwishowe, machozi yakimtoka, "mimi umenikataza kuuliza, hukunikataza kutambulisha. Hawa ni mabirika yetu. Ni watu wa heshima, wamekaa hapa tangu enzi za babu yangu, na fimbo hawana."

Domisiana akatazama mabirika, mabirika yakamtazama. Kisha naye akacheka, kicheko cha mtu ambaye bado ana hofu, na kilipokwisha alijisikia mwepesi kidogo. Akarudi langoni alikotoka, safari hii polepole, akitafuta meno na mistari. Akavipata hatua chache tu mbele, vikipita nje ya ukuta, wala havikuingia msikitini kamwe.

Ila kiatu cha kulia kilikuwa kinaburuta. Nyuma yake palikuwa na mchirizi mwembamba. Kamba ilikuwa imekatika. Mchirizi ule ukawaongoza hadi chini ya ukuta wa soko, kwa Bukuru fundi viatu, mkimbizi kutoka Burundi, aliyeketi juu ya kasha katikati ya matairi yaliyokatwa, misumari mdomoni.

Domisiana akasimama mbele yake kimya, na Bukuru akamtazama miguu. Si kwa ujuvi. Ndivyo alivyomtazama kila mtu. Akatoa misumari mdomoni.

"Amahoro, mama. Naona na wewe unatafuta mtu kwa chini."

"Amahoro, ndugu yangu. Natafuta, lakini sina ruhusa ya kusema ni nani."

Bukuru akatikisa kichwa taratibu. Akawaambia kwamba yeye anayo ruhusa. Wakati wa kukimbia alipotezana na mdogo wake njiani, na mdogo wake alikuwa amevaa makatambuga aliyomshonea kwa mkono wake, yenye misumari mitatu ya pembetatu kisiginoni. Ndiyo sababu aliketi mahali pale, ambapo mji wote unapita. Alisema hilo kwa sauti ya kawaida, huku akichagua kipande cha mpira.

Mambo ya kishujaa yakanyamaza kidogo. Domisiana alijiona amebeba mzigo mdogo mbele ya mtu aliyebeba mkubwa, na alimwambia hivyohivyo, waziwazi. Kisha akasema, "Misumari mitatu, pembetatu, kisiginoni. Nimeyapokea macho yako. Kila nitakapokwenda nitatazama na kwa ajili yako, na nikiiona nitakuja kukuita, iwe mvua iwe jua." Bukuru akashukuru, akarudisha misumari mdomoni, akamsogezea kasha lake kando kidogo ili apate kuona chini vizuri.

Chini pale mchirizi ulikuwa umekwisha. Kiatu cha kulia kilitoka kwa Bukuru kikinyanyuka sawasawa, kamba mpya. Lakini Domisiana hakuondoka. Alikuwa ameona jambo, naye akaliangalia kwa muda mrefu hata Raya akaanza kujipepea.

Nyayo za Mzee Bartholomayo, baada ya kutoka kwa fundi, zilikuwa na njia kavu ya mawe kulia na dimbwi kushoto. Zilipita dimbwini. Mbele kidogo palikuwa na kibaraza cha saruji. Zilikikwepa, zikashuka kwenye tope laini. Duara la fimbo, ambalo migombani lilikuwa limegusa tu, hapa lilizama hadi kwenye kifundo cha mti, kana kwamba mtu alisimama akalikandamiza kwa mikono miwili. Na kwenye kila kona, kila kona, visigino vilikuwa vimesokotwa: mtu alisimama, akageuka kutazama nyuma, akangoja, kisha akaendelea.

Domisiana akainuka. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Raya," akasema, "huyu mtu hatukimbii. Anatungoja. Haruhusiwi kurudi, haruhusiwi kuuliza, kwa hiyo anaandika. Tangu alipotoka mlangoni kwangu ananiandikia mimi, kwa sababu anajua kwamba mimi ni mtu wa kutazama chini."

Raya akafunga mwavuli, akainama naye kutazama. Na mara wakasikia honi kutoka stendi: gari la Rulenge, la mwisho kwa siku ile, likiita abiria wake.

Ewe udongo, sasa mshikilie mzee miguu. Mwanamke mwenye heshima hakimbii mbele ya mkwe, hilo linajulikana; basi Domisiana hakukimbia. Alitembea. Lakini kutembea kule, walioketi sokoni hadi leo wanakueleza kwa kusimama, maana kuketi hakutoshi. Alipita kati ya mafungu ya nyanya bila kugusa nyanya, akaruka mtaro bila kuonekana ameruka, na nyayo za mzee zikamkimbilia chini ya macho, meno, mistari, duara, mpaka zikaingia stendi.

Pale palikuwa na pikapu imejaa watu na kuku, injini inanguruma, na utingo akimsihi mzee mmoja apande. Baadaye ilijulikana kwamba mzee yule alikwisha kuliacha gari moja kwa kusema limejaa, na jingine kwa kusema dereva wake ni kijana mno. Sasa sababu zilikuwa zimekwisha. Alikuwa amevua kiatu, akikigonga kwenye gurudumu kutoa tope, na alikigonga kwa utaratibu wa mtu anayetaka tope lile lidumu. Utingo akamshika mkono. Mguu mmoja ukapanda juu ya bampa.

Hapo Raya mwenye Mwavuli alikumbuka kwamba hakuahidi kunyamaza kwa utingo. Akajitokeza mbele ya gari, akafunua mwavuli wake wote, na kwa sauti iliyosikika hadi kijijini Nyamiaga akaanza kuuliza kama wanapakia majora ya vitenge, kama yanalazwa au yanasimamishwa, na kuku wale ni wa nani, na wana tabia gani. Dereva akazima injini ili amsikie, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Domisiana akafika. Aliona kiatu chenye meno juu ya bampa, na kiatu chenye mistari mkononi, na pete ya chuma imesimama katika tope. Akapiga magoti.

"Shikamoo, baba," akasema. "Nyumba yangu ilikuwa tupu kwa sababu wote waliokuwamo walikwenda kukulaki. Tulikuheshimu mpaka tukakukosa. Kama ardhi bado haijafunga mlango, nipe fimbo."

Kisha pete ya chuma ikang'oka kutoka kwenye tope, ikainuka, na fimbo ikashuka juu ya viganja viwili vya Domisiana. Ilikuwa nzito na ya moto kwa kushikwa.

"Marahaba, mama Gidioni," sauti ikasema juu yake. "Imepokewa, basi nafunguka. Ukoo wetu umesema ndiyo. Nice ni wenu, na mwenyewe amesema ndiyo kabla yetu sote. Hilo ndilo jibu. Na sasa nasema la kwangu. Mama, nimekanyaga kila dimbwi la mji huu kusudi unione. Nimezunguka, nimesimama, nimekata hata kamba ya kiatu kwa makusudi ili nipate sababu ya kukaa kwa fundi. Ungechelewa kidogo ningeanza kuchora mishale. Na tangu alfajiri sijala."

Ndipo Domisiana, Mwenye Macho Yasiyoinuka, akainua macho. Akauona kwa mara ya kwanza uso wa mkwe wake: mpana, wenye vumbi, wenye meno machache, na unacheka. Akacheka naye, akilia kidogo, palepale kwenye tope, huku utingo akiuliza kama mzee bado anasafiri au vipi.

Walirudi kwa miguu, fimbo ikiwa begani mwa Domisiana na Raya akifungua njia kwa mwavuli. Walipopita kwa Bukuru, Mzee Bartholomayo alikiri mbele yake habari ya ile kamba, na fundi akasema aliona tangu mwanzo kwamba ilikatwa kwa kisu. Palepale akaalikwa harusini, na viatu vya bibi harusi akavishona yeye. Gidioni alipoiona fimbo ikitokea kwenye kona ya migomba hakungoja kuambiwa neno, akakimbia kumlaki mama yake. Melania ndiye aliyeanza wimbo, na akaukosea palepale panapokosewa siku zote.

Waandishi wa enzi na waandike wanavyotaka juu ya mambo ya miaka ile. Ngara mjini inajua kilichotendeka. Domisiana angali anatembea ametazama chini, kwa ajili ya misumari mitatu ya pembetatu, maana ahadi ni ahadi. Na Mzee Bartholomayo, kila anapokuja kuwasalimu wakwe zake, huiacha njia kavu na kupita kwenye matope, ili mama Gidioni ajue mapema kwamba mgeni yuko njiani.